Je, Wajua? Kicheko cha Msibani, Moyo wa Mgane na Hatua Tano Zisizofuatana

Kicheko cha msibani kimewahi kupimwa kitaalamu. Mwaka 1997 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Dacher Keltner na George Bonanno, walichapisha matokeo ya mahojiano na watu waliokuwa wamefiwa na wenzi wao miezi kama sita kabla. Kila mfiwa aliombwa amzungumzie marehemu huku akirekodiwa kwa video, kisha uso wake ukachunguzwa msuli kwa msuli. Kilichokuwa kikitafutwa ni kicheko cha kweli, kile kinachokunja ngozi ya pembeni mwa macho, ambacho daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alikwisha kukitofautisha na tabasamu la adabu tangu karne ya 19. Wengi walicheka. Waliocheka hivyo hawakuwa na hasira nyingi kama wenzao na walielewana vizuri zaidi na watu. Walipofuatiliwa kwa takribani miaka miwili, majonzi yao yalikuwa yamepungua zaidi.

Mtanzania aliyekulia penye utani hatashangaa sana. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali karne ya 19, ni watani hadi leo, na mtani akisikia tanzia haji kulia tu. Huja kuvuruga. Mmoja atavaa koti la marehemu, atatembea kama yeye, atakohoa kama yeye na kuwaulizia wadeni wake mbele za watu. Mwingine atashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, kisha hurudia kilio chao, na mtani hakasirikiwi. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht huko Uholanzi, walitoa nadharia inayokubalika sana sasa: mfiwa mwenye afya hakai ndani ya huzuni mfululizo, bali huyumba kati ya kumlilia marehemu na kurudi kwenye shughuli za maisha, mara nyingi ndani ya siku moja. Nadhani mtani angewauliza mbona wamechelewa.

Hatua tano zilizoandikiwa watu wengine

Karibu kila anayezungumzia majonzi siku hizi, awe mshauri nasaha au mtangazaji wa redio, atakutajia hatua tano: kukataa, hasira, kubembeleza, sononi na kukubali. Je, wajua kwamba hazikuandikwa kwa ajili ya wafiwa?

Mwandishi wake, Elisabeth Kübler-Ross, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1926, mmoja wa watoto watatu waliozaliwa kwa mimba moja. Mwaka 1965, akiwa Chicago, wanafunzi wanne wa theolojia walimwendea wakitaka kujifunza kuhusu kifo. Aliona njia bora ni kuwauliza wenye kufa wenyewe. Alipozunguka wodini kutafuta mgonjwa wa kuzungumza naye, aliambiwa kwamba katika hospitali nzima hakuna anayekufa. Hospitali kubwa ya rufaa, na hakuna anayekufa! Madaktari wa enzi ile waliona kumwambia mgonjwa ukweli ni ukatili. Mwishowe alizungumza na wagonjwa zaidi ya 200, na kitabu chake cha mwaka 1969, *On Death and Dying*, kikafungua mlango uliokuwa umefungwa kwa kufuli.

Hizo hatua, basi, ni za mgonjwa aliyeambiwa kwamba hatapona. Watu wakazihamishia kwa mjane na yatima, kisha wakazigeuza ngazi: huwezi kufika ya tano kabla ya kukanyaga ya pili. Mwaka 2007 watafiti wa Yale waliwachunguza wafiwa 233, wengi wao wakiwa wamepoteza wenzi kwa vifo vya kawaida. Kukataa hakukuwa hisia kuu wakati wowote. Kukubali kulikuwa juu tangu miezi ya mwanzo, na maumivu yaliyotawala yalikuwa ya hisia isiyokuwemo kabisa kwenye orodha ya tano: kumtamani aliyeondoka.

Kübler-Ross mwenyewe alipata kiharusi mwaka 1995 na kuishi miaka tisa zaidi akiwa hoi. Hakuficha kwamba alimkasirikia Mungu kwa kumchelewesha. Wapo waliomlaumu kwa kutokufa kwa utulivu, kana kwamba aliyechora ramani analazimika kuipita njia akitabasamu.

Asiyelia

Kila msiba una mjane anayesengenywa. Hakulia vya kutosha, alionekana akigawa sahani, alicheka na wageni. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, ambao Bonanno alishiriki, una la kusema kumhusu. Wazee 205 walikuwa wamehojiwa miaka kadhaa kabla ya wenzi wao kufa, hivyo watafiti waliweza kulinganisha hali ya kabla na ya baada. Karibu nusu yao hawakuonyesha dalili za sononi kali wakati wowote. Hawakuwa watu wa moyo mgumu, wala ndoa zao hazikuwa mbovu kuliko za wengine. Nao ule msiba wa ndani unaodhaniwa kulipuka baadaye kwa asiyelia haukuonekana.

Hatua za miguu ukumbini

Mwaka 1971 daktari wa Wales, Dewi Rees, alichapisha utafiti ambao hakuna aliyeutarajia kutoka kwa daktari wa kijijini. Aliwahoji wajane na wagane 293 wa eneo lake, karibu wote waliokuwapo. Karibu nusu walimwambia kwamba wameshahisi uwepo wa marehemu. Wengine walimsikia, wengine walimwona ameketi kwenye kiti chake, wachache waliguswa. Wengi waliona jambo hilo linawafariji. Lililomgusa Rees zaidi ni kwamba karibu robo tatu yao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata kasisi, wakiogopa kuchekwa. Hawakuwa wagonjwa wa akili. Na waliokuwa wameishi kwenye ndoa muda mrefu zaidi ndio walioona mengi zaidi.

Huku kwetu anayesema ameota mama yake akimwomba maji hachekwi. Ataambiwa asome hitima, atoe sadaka au aende kusafisha kaburi. Wanasaikolojia wa Magharibi kwa miongo mingi walishikilia kinyume chake. Chanzo ni insha ya Sigmund Freud ya mwaka 1917, iliyosema kazi ya majonzi ni kuukata uzi unaomuunganisha mfiwa na marehemu, kidogo kidogo, mpaka moyo uwe huru kupenda kwingine. Ilikuwa nadharia safi. Kisha Januari 1920 mafua yakamuua bintiye Sophie, na mwaka 1923 mjukuu wake, mtoto wa huyo Sophie, akafa kwa kifua kikuu. Mwaka 1929, katika barua kwa rafiki yake Ludwig Binswanger aliyekuwa amefiwa na mwana, Freud alikiri kwamba pengo la namna hiyo halizibiki, na kwamba si vibaya likibaki wazi, maana ndiyo njia ya kuendeleza pendo tusilotaka kuliacha. Insha ilisomwa na dunia nzima, barua ilisubiri. Mwaka 1996 Dennis Klass na wenzake walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba wafiwa wengi huendelea na uhusiano na marehemu wao bila madhara, na tangu hapo shinikizo la kukata uzi limelegea.

Uzi huo unaweza pia kukaza mno. Mary-Frances O'Connor na wenzake walichapisha mwaka 2008 picha za ubongo za wanawake waliofiwa na mama au dada kwa saratani ya matiti. Wote, walipotazama picha ya marehemu, walionyesha dalili za maumivu kwenye ubongo. Ila wale ambao majonzi yao yaligoma kupungua walikuwa na jambo la ziada: eneo linalohusika na hamu, lile linaloamka mtu anapotarajia kupata kitu akipendacho, nalo liliwaka. Sehemu fulani yao ilikuwa bado inamsubiri arudi.

Moyo

Je, wajua kwamba kufa kwa kihoro si maneno ya mashairi tu?

Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo chumba cha kushoto cha moyo hutuna upande wa chini na kushindwa kusukuma damu sawasawa, ingawa mishipa haijaziba. Picha yake ya eksirei iliwakumbusha chungu cha shingo nyembamba ambacho wavuvi wao hutegea pweza, wakaiita *takotsubo*. (Wavuvi wetu wa pweza, kule Jambiani na Mafia, hutumia mti au mkuki, hospitali zetu zingeipa jina jingine.) Hutokea zaidi kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, mara nyingi baada ya mshtuko mkubwa kama habari ya msiba, na huaminika kuchochewa na wimbi la adrenalini na homoni za jamii hiyo. Wengi hupona ndani ya wiki chache.

Mshtuko wa kawaida wa moyo nao hauko mbali. Utafiti wa mwaka 2012 wa Marekani, uliohusu wagonjwa karibu 2,000, ulikadiria kwamba hatari ya kupatwa na mshtuko wa moyo hupanda mara 21 katika saa 24 za mwanzo baada ya kufiwa na mtu wa karibu, kisha hushuka siku baada ya siku. Usingizi hakuna, chakula hakishuki, presha inapanda, na dawa za kila asubuhi zimesahaulika kwenye droo. Kama yuko mzee msibani anayetumia vidonge vya presha, mtu mmoja na apewe kazi ya kumkumbusha. Pengine inafaa kuliko hotuba tatu za rambirambi.

Uingereza, mwaka 1969, jarida la madaktari lilichapisha habari za wagane 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Katika miezi sita ya kwanza baada ya kufiwa na wake zao walikufa 213, asilimia 40 zaidi ya ilivyotarajiwa kwa wanaume wa umri wao walio kwenye ndoa. Tafiti nyingi zilizofuata zinakubaliana kwamba mwanamume huathirika kuliko mwanamke. Maelezo hayajakamilika, ingawa yeyote aliyewahi kumwona mzee wa miaka 70 akitafuta kopo la chumvi jikoni mwake mwenyewe ana fununu.

Saa za mwisho

Watu wa pwani husema mgonjwa *amekata kauli*: hasemi tena, hajibu. Hapo ndipo jamaa husogea karibu, mmoja humsomea Yasini, mwingine humtamkia shahada sikioni. Je, anasikia? Mwaka 2020 watafiti wa Vancouver, Kanada, walipima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa hospisi, mahali pa kuwatunza wasiotarajiwa kupona, kwanza walipokuwa wanajitambua, kisha saa chache kabla ya kufa walipokuwa hawaitiki. Ubongo wa baadhi yao uliendelea kuitikia mabadiliko ya sauti karibu sawa na wa vijana wenye afya. Kama walielewa maneno, mashine haikuweza kusema. Ila wauguzi wa wodi hizo wamekuwa wakiwaonya jamaa tangu zamani: msigombee urithi mbele ya kitanda.

Halafu kuna wanaoita waliotangulia. Mgonjwa anamkaribisha kaka yake aliyekufa miaka 30 iliyopita, na wajukuu wanaanza kunong'ona kuhusu dawa kali. Daktari Christopher Kerr na wenzake wa hospisi ya Buffalo, Marekani, waliwahoji wagonjwa 59 kila siku na kuchapisha matokeo mwaka 2014: asilimia 88 walikuwa wameota au kuona mambo ya namna hiyo walau mara moja. Kadiri kifo kilivyokaribia ndivyo marehemu walivyozidi kuonekana, na hao ndio waliofariji zaidi. Wagonjwa walioripoti hayo walikuwa na akili timamu, waliochanganyikiwa hawakuhesabiwa.

Maumivu, bila shaka, huharibu yote hayo. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi, kisha daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's London mwaka 1967 akishikilia kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya akili, ya kifamilia na ya kiroho kwa pamoja, na dawa moja haitoshi. Tiba hii ya kumtuliza asiyepona, tiba shufaa, ina historia yake Afrika Mashariki. Daktari Anne Merriman, baada ya kufanya kazi na Nairobi Hospice, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993 akiwa na fomula rahisi ajabu: unga wa mofini, maji, kihifadhi na rangi kidogo ya kutofautisha nguvu ya dawa. Mgonjwa hunywa nyumbani, kitandani mwake. Kwa kuwa madaktari hawakutosha, mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, hatua ambayo mataifa tajiri mengi yalikuwa bado yanaiogopa.

Je, mtu anaweza kukisubirisha kifo?

Hadithi ni nyingi: bibi aliyengoja Idi, babu aliyengoja mwanawe atue kutoka Ulaya. Watafiti walikusanya vifo zaidi ya 300,000 vya wagonjwa wa saratani katika jimbo la Ohio, kuanzia 1989 hadi 2000, wakatazama wiki za kabla na baada ya Krismasi, sikukuu ya Shukrani na siku ya kuzaliwa ya marehemu. Hawakuona dalili yoyote ya kuahirishwa. Tunakumbuka waliongoja. Waliokufa siku mbili kabla ndege haijatua hawageuki hadithi.

Lingine la kuchukuliwa kwa tahadhari: mwaka 1989 mahakimu 22 wa Tucson, Arizona, walipewa kesi ya kubuni ya mwanamke aliyeshtakiwa kwa ukahaba. Nusu yao kwanza waliulizwa maswali kuhusu kifo chao wenyewe. Hao walipanga dhamana ya wastani wa dola 455; wenzao, dola 50. Nadharia iliyopimwa hapo, kwamba mwanadamu akikumbushwa mauti hukumbatia kwa nguvu maadili ya kwao, ilitawala vitabu kwa miaka 30. Mwaka 2022 maabara nyingi zilipoungana kurudia jaribio mashuhuri la nadharia hiyo, matokeo hayakutokea.

Gombe, Amboseli, Kilifi

Flo, sokwe mzee wa Gombe, Kigoma, alipokufa mwaka 1972, gazeti la *Sunday Times* la London lilimwandikia tanzia. Mwanawe Flint, aliyekuwa na umri wa miaka minane na nusu, umri wa kujitegemea, alikaa karibu na mahali mama alipoangukia, akaacha kula, akaugua, naye akafa kabla ya mwezi kwisha. Jane Goodall aliandika kwamba Flint alikuwa ameshikamana na mama kupita kiasi tangu utotoni.

Na tembo? Inasemwa huzuru makaburi ya ndugu zao. Jaribio la Amboseli lililochapishwa mwaka 2006 liliwawekea mafuvu ya tembo, nyati na kifaru, pamoja na pembe na vipande vya mbao. Walivutwa zaidi na fuvu la tembo mwenzao, na kuliko vyote na pembe za ndovu, ambazo walizigusa kwa mkonga na kwa nyayo laini. Lakini walipowekewa fuvu la kiongozi wa ukoo wao pamoja na mafuvu ya viongozi wa koo nyingine, hawakubagua. Wanajua kwamba huyu ni tembo. Ya kwamba ni bibi yao, hakuna ushahidi.

Pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, lilitoa habari nzito zaidi mwaka 2021: mifupa ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, kaburi kongwe kuliko yote yanayojulikana ya binadamu wa aina yetu barani Afrika. Wanaakiolojia wakamwita Mtoto. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Jinsi mifupa ya mabega ilivyobanana inaonyesha alikuwa amefungwa kwenye kitu kilichooza, ngozi au majani, na jinsi kichwa kilivyoinama inaonyesha kiliegemezwa juu ya kitu kilichooza pia.

Miezi minne na siku kumi

Kila jamii ina kalenda yake ya majonzi. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, au, akiwa mjamzito, mpaka ajifungue. Malkia Victoria wa Uingereza alivaa nyeusi tangu mumewe Albert alipokufa Desemba 1861 hadi alipokufa yeye mwaka 1901, na kwa muda wote huo nguo za Albert zilitandazwa na maji ya moto yakapelekwa chumbani kwake. Daktari wa leo angempa jina la ugonjwa. Tangu mwaka 2022 lipo rasmi: majonzi yaliyorefuka kupita kiasi. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kinataka miezi 12 ipite kwanza kwa mtu mzima. Orodha ya Shirika la Afya Duniani inataka angalau miezi sita, ikiongeza kwamba majonzi lazima yawe yamezidi waziwazi desturi za jamii na dini ya mfiwa. Daktari wa Mombasa anayeifuata, kwa hiyo, hawezi kumpima mjane bila kujua eda ni nini.

Watoto ndio husahaulika. Wakubwa wako chini ya turubai, mtoto ameambiwa baba amesafiri. Kwa kawaida ni kati ya miaka mitano na saba ndipo mtoto anapoelewa kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi, na kwamba kila mtu atakufa. Ukimwambia amesafiri, atasubiri basi. Ukimwambia amelala, anaweza kuogopa kitanda.

Moshi na Bungoma, mjini na vijijini, yamefanyika majaribio makubwa ya kuwasaidia watoto waliofiwa. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, waligawanywa; nusu walipata mikutano 12 ya kikundi iliyoongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo, wasio na shahada ya saikolojia. Mtoto alifundishwa kutuliza mwili, kisha akasimulia kifo kilivyotokea, sehemu ambayo wakubwa huiogopa kuliko watoto, na mwishoni akazungumzia mazuri ya marehemu. Walezi walikuwa na kikundi chao, sambamba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Programu ilipokwisha, dalili za mshtuko wa kiakili zilikuwa zimepungua kuliko kwa wenzao katika maeneo matatu kati ya manne. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado ipo Bungoma, mjini na vijijini. Moshi watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamelingana.